Ofisi ya nyumba na viwanja nyuma ya Mnara wa Saa, Arusha: nimepanga kupitia kwao, nimenunua kupitia kwao

Nyota nne kati ya tano. Nitaeleza hizo nne nimezitoa kwa lipi na ile moja nimeibania kwa nini, ila ni ndefu, naandikia hapa KIA nasubiri wageni na ndege yao imechelewa kwahiyo muda ninao.

Mi ni dereva wa utalii. Hela yangu inakuja kwa msimu, Julai mpaka Septemba na Desemba kidogo, masika ikiingia nakaa nyumbani naosha gari. Maana yake nikipigwa kwenye hela ya nyumba au kiwanja sina mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuziba pengo, na nyie mnaofanya kazi kama yangu mnalijua hilo vizuri.

Sasa kabla sijawajua hawa nilikuwa napanga Sakina, nyumba ya vyumba vitatu, fensi, geti, maji ndani, 250,000 kwa mwezi. Dalali wa kijiweni ndo alinipeleka, nikalipa miezi sita kama kawaida ya mji huu, milioni moja na nusu, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Mkataba ulikuwa ule wa kununua stationari, karatasi moja ina vidoti vya kujazia majina, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri tukaachana. Mwezi wa nne tangu tuingie, niko porini Ndutu na wageni, mama watoto ananipigia, mtandao unakatika katika, nasikia tu "kuna karatasi imebandikwa getini". Nyumba inapigwa mnada. Mwenye nyumba alikuwa ameiweka rehani benki siku nyingi kabla sisi hatujaingia na marejesho yalishamshinda. Tulihama kwa haraka, miezi miwili yetu ikapotea, nilipomfuata mzee akaniangalia usoni akasema "mbona hukuuliza". Sikuwa na jibu. Sikuuliza kweli kwasababu sikujua kama hilo ni swali la mpangaji, mi nilidhani rehani ni mambo ya anayenunua.

Neno hilo la "hukuuliza" ndo lililonipeleka kwenye hii ofisi, nilielekezwa na dereva mwenzangu. Iko ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, chini kuna duka la vitenge. Mwenye ofisi ni mama wa makamo, nilimwamkia shikamoo akanikaribisha kwenye kiti cha plastiki, na kabla hajaniambia ana nyumba gani akaniuliza niliwahi kupata shida gani na nyumba. Nikamweleza ya Sakina. Akanieleza taratibu kwamba benki ikiwa ndo imetangulia kwenye nyumba, mpangaji aliyeingia nyuma yake bila benki kukubali hana pa kushika sana siku mambo yakiharibika, kwahiyo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka unaangalia kwanza kwa Msajili wa Hati kama nyumba ina rehani au haina. Kama haina hati kabisa basi mwenye nyumba anaandika kwenye mkataba kuwa haijawekwa dhamana popote na akidanganya anarudisha hela pamoja na gharama za kuhama. Sentensi mbili tu kwenye mkataba. Zingekuwepo Sakina ningekuwa na karatasi ya kwenda nayo mbele.

Afu akatoa kitu ambacho sijawahi kukiona kwa dalali yeyote Arusha wala Moshi. Kila nyumba na kila kiwanja wanachotangaza kina karatasi yake wanaiita karatasi ya mapungufu, na wanakusomea hiyo kwanza kabla ya picha na kabla ya bei. Nyumba ya kwanza aliyonisomea ilikuwa Kijenge: paa linavuja kona ya jikoni mvua ya upepo ikija, LUKU ni moja na nyumba ya nyuma, jirani wa kulia ni fundi wa kuchomelea anaanza saa moja asubuhi, mpangaji aliyepita alihama sababu ya maji. Nikamwuliza sasa mama mbona unaiua biashara yako mwenyewe. Akasema mtu aliyesomewa hayo akakubali haondoki mwezi wa pili na haji kupiga kelele ofisini.

Mdogo wangu wa kike yuko Marekani, nilipomsimulia kwenye simu akasema kule hicho ni kitu cha kawaida, muuzaji wa nyumba kwenye majimbo mengi anajaza fomu ya kasoro anazozijua, na nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kuna sheria ya nchi nzima inayomtaka muuzaji au mpangishaji aseme anachojua kuhusu rangi yenye risasi, yaani ile madini ya sumu inayodhuru watoto. Huku kwetu nimepanga nyumba nne na sijawahi kuwekewa fomu ya hivyo mbele yangu hata siku moja, mzigo wa kuuliza ni wako, usipouliza umejibeba. Hawa wameamua wenyewe kuuweka mzigo upande wao na mi hapo ndo nawapa nyota ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Ya Kijenge sikuichukua, nikachukua ya Njiro. Mkataba wa pango tulikaa nao saa nzima na nusu, mama ana penseli, kila neno analolipita anaulizia "hili umelielewa baba?" ukisema ndiyo anakwambia haya nieleze mimi. Dipoziti kwa mfano. Kule kwingine dipoziti inaandikwa tu "itarudishwa mwisho wa mkataba" na mwisho wa mkataba mwenye nyumba anaonyesha doa ukutani anakata yote. Kwake imeandikwa inarudi ndani ya siku ngapi, na kwamba uchakavu wa kawaida si uharibifu, rangi kufifia, kitasa kulegea, hayo ni ya mwenye nyumba, kioo ulichovunja na sinki ulilopasua ni yako. Siku ya kukabidhiwa funguo kijana wao alizunguka na mimi chumba kwa chumba anapiga picha, mpaka ufa mdogo nyuma ya mlango wa stoo aliuandika, tukasaini wote watatu. Matengenezo madogo na makubwa wameyatenga kwa kiasi cha hela, siyo kwa kubishana. Notisi pia, mwezi mmoja kila upande kwa maandishi, na kodi haipandi mpaka muda uliolipiwa uishe. Kuna kipengele cha kupangisha mtu mwingine ndani ya muda wako, hicho mi nilitaka kukiruka, akanirudisha, akasema wewe unakaa porini wiki mbili mbili, siku utamweka shemeji yako mle ndani mwenye nyumba akasema umepangisha bila ruhusa. Kweli nina shemeji anayekujaga. Tukaandika ndugu wa familia wanaruhusiwa.

Lingine ni la dola. Nyumba nyingi za Njiro watu walizoea kutaja bei kwa dola, na huyu mwenye nyumba naye alitaka dola 200. Mama akamwambia wazi mbele yangu kuwa tangu kanuni za Machi 2025 kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi hairuhusiwi, mkataba ukaandikwa shilingi. Kwangu hilo ni kubwa, shilingi ikishuka kodi yangu imekaa palepale.

Na LUKU. Kodi ya majengo sa hivi inakatwa kwenye umeme, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 mwaka 2023, na anayenunua umeme ni mpangaji wakati jengo ni la mwenye nyumba. Wao wanaandika kwamba hiyo inapunguzwa kwenye kodi ya pango. 18,000 kwa mwaka, wengine watasema ni hela ndogo, ila ni yangu na ilikuwa inaondoka bila mtu kuniambia ni ya nani.

Hiyo ilikuwa pango. Mwaka uliofuata msimu ulikuwa mzuri nikarudi kwao kutafuta kiwanja na hapa ndo palipo na mengi.

Kitu cha kwanza alichoninyoosha ni neno kununua. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndo mdhamini, sheria ya 1999 imesema hivyo, we unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, hati inatoka ya miaka 33, 66 au 99. Nikawa nimeletewa ofa na chalii mmoja wa mtaani, kiwanja Muriet bei nzuri sana, "kina hati kabisa braza". Nikampelekea mama fotokopi. Akaweka kidole kwenye tarehe: hati ya miaka 33 kuanzia 1996. Hesabu mwenyewe, inaisha 2029. Inaweza kuhuishwa ndiyo, ila bei niliyokuwa natajiwa ilikuwa bei ya kiwanja chenye muda mrefu mbele na muuzaji alijua. Halafu kodi ya ardhi ilikuwa haijalipwa miaka tisa. Deni hilo linakaa kwenye kiwanja, anayekuja kuhamisha hati ndo anakutana nalo dirishani.

Cha pili kilikuwa Tengeru karibu na barabara kuu ya kwenda Moshi, nilikipenda kwa ajili ya fremu za biashara, hicho hatukufika mbali. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kupima kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na nusu ya kile kiwanja ilikuwa ndani. Wote tumeona nyumba zilizochorwa X nyekundu. Cha Maji ya Chai nacho nilikiacha siku hiyohiyo, kisima kipo na muuzaji anakisifia, ila maji ya ukanda ule wa Meru yanajulikana kwa floraidi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na karatasi yao ya mapungufu ilikuwa na majibu ya maabara yaliyozidi hapo mbali. Nina mtoto wa miaka mitatu. Meno ya kahawia nimeyaona kwa watu wazima wa huko na kwenye mifupa ni shida zaidi.

Cha Moshono niwasimulie vizuri. Kipo kwenye mteremko, unaona Meru yote asubuhi, chini kuna mto mdogo una migomba pembeni, mama watoto aliposhuka kwenye gari alinyamaza tu akawa anaangalia, nikajua amekipenda. Dalali wa pale, si wa ofisi hii, anasema ishirini kwa thelathini, anatembea anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kijana wa ofisi akamwacha amalize afu akatoa tepu. Ishirini zake zilikuwa hatua. Kwa mita ilikuja kumi na sita na nusu. Huo ni ujanja wa siku zote, mtu akikwambia ishirini kwa ishirini muulize hatua au mita, na hatua za nani, maana mtu mfupi akihesabu umeshapoteza chumba kizima.

Afu kijana akashuka mpaka ukingo wa mto, mi nimeshika kichwa cha tepu huku juu, nyasi zina umande suruali imelowa mpaka magotini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni pasifanyike shughuli za kudumu. Tepu ni ya mita 30 kwahiyo tukapima mara mbili. Mara ya kwanza tulifika kwenye mti wa parachichi. Mara ya pili nikawa nimesimama katikati ya kiwanja, pale pale mama watoto alipokuwa ameshaanza kusema hapa ndo sebule. Kijana hakusema kitu, aliweka jiwe chini. Nyuma ya lile jiwe palibaki mita kama nane. Dalali akasema mbona huyu amejenga, na huyu amejenga, ni kweli walikuwa wamejenga, nyumba nzuri tu. Tuliondoka. Ndani ya gari hakuna aliyeongea mpaka Kijenge, na sijutii, ila nisiwafiche kwamba iliuma.

Nilichonunua mwisho kiko upande wa Olasiti, mita za mraba 600, kimepimwa, bei milioni 18. Bikoni zote nne, yaani zile alama za mpaka zenye namba, tulizitafuta, tatu zilikuwa wazi ya nne ilikuwa chini ya udongo tukafukua kwa jembe la jirani mpaka namba ikasomeka. Jirani mwenyewe aliulizwa mpaka unaishia wapi na akaonyesha, jina lake na sahihi vikaingia kama shahidi. Upekuzi rasmi kwa Msajili ulichukua siku kadhaa, majibu yanakuja kwa barua: nani mmiliki, kuna rehani au hakuna, kuna zuio limewekwa na mtu au hakuna. Zuio ni pale mtu anapomwandikia Msajili kuwa na yeye ana madai, ndugu, mke, mtu aliyewahi kulipa advansi, likiwepo hati haihamishwi mpaka liondoke. Kwangu ilikuja safi. Naomba mtu asikubali kusomewa upekuzi kwa mdomo au kuonyeshwa picha ya simu, barua yenyewe mkononi, na iwe ya karibuni siyo ya mwaka jana.

Mkataba wa mauziano aliusoma wakili wao anayekaa chumba cha pili, kwa sauti, sisi na muuzaji tumekaa. Kuna mstari upo karibu kwenye kila mkataba wa viwanja, "mnunuzi ameliona eneo na ameridhika nalo". Nimeusaini huo mstari nikinunua pikipiki, nimeusaini nikinunua shamba dogo zamani, sikuwahi kuutafakari. Wakili akasema maneno hayo yanafunga mdomo wako, kila kasoro ambayo ungeweza kuiona ukikagua umeshaikubali. Hawakuufuta, ila waliongeza chini yake mambo ambayo muuzaji anayathibitisha yeye: kwamba yeye ndo mmiliki, eneo halina kesi Baraza la Ardhi wala mahakamani, halina rehani, halidaiwi kodi, hakuna njia ya watu inayopita katikati, na kama moja kati ya hayo ni uongo anarudisha hela yote na fidia. Sasa ukisema umeridhika unakuwa umeridhika na kitu kilichoandikwa.

Arbuni nililipa milioni mbili. Neno la zamani hilo, wengi sa hivi wanasema advansi, na wao wanayatofautisha kwenye mkataba: ukiandika arbuni useme mnunuzi akighairi inakuwaje, na muuzaji akighairi inakuwaje. Yetu ilikuwa nikighairi bila sababu naiacha, upekuzi ukija mchafu inarudi yote, akighairi yeye anarudisha na nyongeza. Na hela haikwenda mkononi mwa muuzaji, ilikaa kwa wakili kwenye akaunti ya wateja mpaka majibu ya Msajili yakatoka.

Halafu ridhaa ya mwenza. Muuzaji alikuja peke yake siku ya kwanza anasema mke wangu yuko Moshi, anajua, hana shida. Kwenye kile kiwanja kulikuwa na kibanda cha vyumba viwili waliwahi kuishi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi mwenza asiporidhia. Wakili akakataa kuendelea. Jumamosi yule mama akapanda basi akaja, mtu mpole, ana kikapu na ndizi amemletea mama wa ofisi. Akasomewa mkataba. Ilipofika kwenye milioni 18 akamwangalia mumewe akauliza kwa upole kabisa, "baba, si ulisema kumi na nne?" Chumba kizima kimya. Mwenye ofisi akanyanyuka akafungua mlango wa varanda akawaambia nendeni mkaongee, hatuna haraka. Walikaa nje robo saa, sisi tunasikia tu magari ya chini. Waliporudi yule mama akasema andikeni malipo yaingie akaunti yangu na yake nusu kwa nusu, ikaandikwa, akasaini. Ingekuwa kwa wale wa kijiweni, angeletewa karatasi iliyokunjwa aweke dole gumba, au asingeletewa kabisa na siku moja angekuja na watoto wake kusimama kwenye kiwanja changu.

Kodi nazo zijueni. Madalali wengi wanasema "bei ni ya mkononi", maana yake muuzaji anataka hela yake kamili na kodi zote ukabebe wewe. Kwa sheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, mkazi analipa asilimia 10 ya faida aliyopata, na tangu 2023 asiye na kumbukumbu za gharama zake anaweza kukadiriwa asilimia 3 ya thamani. Ushuru wa stempu asilimia 1 nililipa mimi mnunuzi. Bila TRA kuthibitisha hati haihamishwi, kwahiyo mkiacha hili hewani mnakuja kugombania dirishani wakati hela ameshaila. Kwetu liliandikwa nani analipa nini. Pia uhamisho unahitaji ripoti ya mthamini, hiyo waliniunganisha na mtu wao, bei yake walinitajia mwanzoni kabisa.

Sasa ile nyota moja.

Mkataba wa kwanza walioutaipu ulikuwa umekosewa. Kiwanja changu kiko Kitalu C, wao wakaandika G. Herufi moja. Niliiona mimi nikiwa nalinganisha na ile barua ya upekuzi, saa tatu usiku nyumbani, na kesho yake tulikuwa tunasaini. Kitalu G namba hiyohiyo ni kiwanja cha mtu mwingine kabisa. Niliwapigia asubuhi, mama aliomba radhi na akataka yule mtaipaji aje aniombe radhi pia, nikasema haina haja, wakachapa upya bila hela. Lakini ofisi inayouza umakini haitakiwi kuacha kitu kama hicho kipite mikono mitatu. Nimemwambia uso kwa uso, na hapa naandika.

Simu pia hawapokei vizuri. WhatsApp unaweza kusubiri siku mbili, mi nikiwa Serengeti nikipata mtandao Seronera nusu saa nataka jibu lipo tayari. Jumamosi wanafunga saa saba. Na dada wa mapokezi ana haraka na watu wanaoonekana hawana hela, nimemshuhudia akimjibu mzee mmoja wa Kimasai kwa ukali ilhali mzee alikuja kuuliza mpaka wa shamba lake tu. Mama hakuwepo siku hiyo. Arekebishe.

Gharama: kukaa na kusomewa mkataba wowote, hata kama nyumba hukuipata kwao, nililipa 50,000. Pango walichukua nusu ya kodi ya mwezi badala ya mwezi mzima, na hawachukui hela ya kuonyeshwa. Kiwanja asilimia 3 kutoka kwa muuzaji, wakili nikalipa mwenyewe kando kwa risiti. Wapo wa bei ndogo zaidi, najua.

Dada yangu wa Kibosho alipoona haya akaja na lake, anataka auze kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoacha baba. Mama wa ofisi alikataa kukitangaza. Msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, na ndugu sita kila mmoja ana neno lake, akasema kwa sasa hamna muuzaji hapo, kuna warithi tu, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkimaliza mje. Dada alikasirika sana. Alikosa kamisheni yule mama, na sisi tukakaa kikao cha ukoo Krismasi tukakubaliana kisiuzwe, babu na bibi wamelala mle.

Hati yangu mpya bado iko Ardhi, namba ya jalada ninayo, kila mwezi naulizia. Kwenye kiwanja nimeshazungusha michongoma na bikoni zote nne nimezijengea saruji pembeni zionekane. Kijana wa ofisi alinipa ile tepu ya mita 30 akanunua nyingine, ipo kwenye gari, hata leo ipo nyuma ya siti na kreti za maji.

Ndege imetua naona watu wanaanza kutoka. Mwenye swali la upekuzi au mkataba wa pango aliache hapa, naingia porini kesho, nikirudi Alhamisi nitajibu moja moja.